Maji Hupoa Usiku, Lawama Hupewa Jua

Asubuhi za mji wa Kaplong zina baridi. Mwenye sola ya maji moto juu ya mabati akifungua bomba na kukuta maji vuguvugu, hulaumu mawingu ya jana. Mara nyingi jua halina kosa. Maji yalipata moto, kisha yakaupoteza usiku kucha.

Itazame ile mirija myeusi ya sola. Kila mmoja ni vioo viwili, kimoja ndani ya kingine, na katikati yake hamna hewa. Ni ujuzi uleule wa chupa ya chai, alioubuni James Dewar kule London mwaka 1892: pasipo hewa, joto halina cha kulibeba kutoka kioo cha ndani hadi cha nje. Kwenye ncha ya chini kuna doa linalong'aa kama kioo cha kujitazamia. Hilo ni bariamu, madini yaliyowekwa humo kunasa hewa yoyote inayobaki au kujipenyeza. Doa likigeuka jeupe kama maziwa, hewa imeingia, na mrija huo sasa unavujisha joto. Wengi wanaishi na mirija ya namna hiyo miaka na miaka bila kujua.

Hata hivyo, hasara kubwa mara nyingi haiko kwenye mirija. Shika paipu ya maji moto inapotoka tangini jioni: ikikuchoma, ujue inapasha hewa ya Kaplong bure. Maji moto hupanda. Paipu ikitoka tangini na kwenda juu moja kwa moja, hupanda, hupoa, hurudi, mzunguko usiokoma. Fundi mzuri huishusha kwanza kabla ya kuipandisha, kisha huivisha sponji. Na kwa sola bapa, isiyo na mirija, tangi likiwekwa chini ya kichwa cha paneli, usiku maji hurudi nyuma na kupozwa na anga.

Tangi la lita 200 likishuka nyuzi 10 tu, zimepotea zaidi ya yuniti mbili za umeme. Anayewasha hita alfajiri hulipa hasara hiyo kwa pesa. Anayewasha kuni huilipa kwa miti. Na miti tayari imeelemewa: viwanda vya majani chai vinachoma kuni kila siku kukausha chai, na msitu wa Chepalungu umeshakatwa vya kutosha. Kuongeza kuni za kufidia paipu isiyofunikwa ni ufujaji, na nawalaumu zaidi mafundi wanaomaliza kazi bila sponji kuliko wenye nyumba.

Na maji moto hayo yanayopoa bure ni ya kuoga, kufua, kuosha mikebe ya maziwa, vyombo, kumwogesha mtoto mchanga.

Kabla hujanunua mirija mipya, muulize fundi wako: paipu imevishwa nini, na doa la chini lina rangi gani?