Kwa nini radi hupiga Ziwa Victoria usiku?

Mchana, nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji. Upepo hutoka ziwani, hupanda vilima vya Kericho na Kisii, na jioni mvua ya radi hunyesha huko.

Usiku mambo yanageuka. Nchi kavu inapoa, maji yanabaki na joto. Upepo kutoka pande zote unakutana juu ya ziwa, hewa yenye unyevu inapanda, na radi zinaanza, mara nyingi hadi alfajiri.

Shida ni kwamba huo ndio muda wa wavuvi wa dagaa kuwa majini na taa zao. Jioni ikiwa shwari, usiku bado unaweza kuchafuka. Kabla ya kuingia ziwani, cheki utabiri wa usiku mzima.