TAA ZA MAGARI YA CHAMA: JINSI YA KUZUIA UNYEVU NDANI YAKE



Katika kukagua hesabu za chama kimoja cha msingi nilikuta hati tatu za malipo ya taa ya mbele ya lori. Zote zilikuwa za upande wa kushoto, na zote za mwaka mmoja. Katibu alinieleza kuwa taa hizo zilijaa ukungu ndani, hata dereva akakataa kusafiri usiku. Dereva alikuwa na haki, kwani mtembea kwa miguu kando ya barabara haonekani kwa taa iliyofifia. Lakini fedha za wanachama zilipotea bure, kwa kuwa chanzo hakikutafutwa. Tulipofungua boneti tuliona kuwa mfuniko wa nyuma wa taa ulikwisha kupotea, na mahali pake palifungwa kipande cha nailoni.

Yafaa kwanza ieleweke kwamba taa nyingi za magari hazikuzibwa kabisa. Taa ikiwashwa, hewa iliyomo hupata joto, hutanuka na kutoka. Ikizimwa, hewa hupoa na kunywea, na taa huvuta hewa nyingine kutoka nje. Kwa ajili hiyo watengenezaji huweka matundu madogo ya kupumulia, ambayo aghalabu hukingwa kwa kipira kilichopinda au utando unaopitisha hewa na kuzuia maji. Hewa yenye unyevu inapogusa kioo kilichopoa, mvuke wake hugeuka kuwa umande, kama vile chupa ya soda baridi inavyotoka jasho mezani.

Kwa hiyo si kila ukungu ni ubovu. Utando mwembamba unaoonekana alfajiri, au baada ya kuosha gari, na kutoweka taa inapotumika, ni jambo la kawaida. Taa za LED hazipashi kioo joto sana, hivyo ukungu wake huweza kukawia zaidi. Lakini matone makubwa, maji yaliyotuama chini, au ukungu usiokauka kwa siku kadhaa, ni dalili kwamba maji yanaingia. Yakiachwa, huozesha miguu ya globu na kubabua rangi ya fedha inayorudisha mwanga, na rangi hiyo ikibanduka taa haitapata tena nguvu yake.

Kabla ya kuidhinisha ununuzi wa taa mpya, Katibu na ahakikishe kuwa yafuatayo yamekaguliwa:

(a) Mfuniko wa nyuma upo na umekaa sawasawa. Mara nyingi kosa hutokea siku ya kubadilisha globu.

(b) Mpira unaozunguka globu au mfuniko haukukauka, kupasuka wala kujikunja.

(c) Matundu ya kupumulia hayakuzibwa na tope, vumbi au buibui.

(d) Kioo hakina ufa, na gundi inayokiunganisha na kasha haikuachia.

Pasipoonekana kasoro, taa iliyokauka ifungwe globu na mfuniko wake, kisha imwagiwe maji taratibu kuanzia chini kwenda juu, huku mtu akitazama ndani. Mahali tone la kwanza linapotokea ndipo penye kasoro. Asitumie maji ya kasi, kwani hayo hupenya hata penye uzima.

Kukausha si kazi ngumu. Taa izimwe na ipoe, globu na mfuniko vitolewe, na kasha liachwe wazi mahali pakavu penye jua na upepo. Isiwekwe karibu na moto, maana plastiki hupinda. Rangi ya fedha isifutwe kwa kitambaa, na globu ya halojeni isishikwe kwa vidole vitupu, kwani mafuta ya ngozi huifanya ipasuke inapopata joto.

Baada ya kukauka, mpira mbovu ubadilishwe, na ufa au mwachano uzibwe kwa gundi ya silikoni. Ile yenye harufu ya siki isitumike, kwa sababu hutoa asidi inayokula madini. Vifuko vya chembe zinazonyonya unyevu si dawa ya taa inayovuja. Vikishiba maji, kazi yake imekwisha.

Wako mafundi wanaoziba matundu yote kwa gundi, na wengine hutoboa kasha ili maji yatoke. Wote wanakosea. Anayeziba hufungia unyevu ndani, kama mtu anayefunga gunia la kahawa isiyokauka. Anayetoboa huwafungulia mlango vumbi na maji zaidi. Taa za zamani ambazo kioo na globu ni kitu kimoja hazifunguliwi. Maji yakiingia humo, hazina budi kubadilishwa.

Nashauri kila dereva azitazame taa mara moja kwa juma wakati wa masika, na aandike alichokiona katika daftari la gari. Katika chama nilichokitaja, mfuniko mmoja wa mpira ulimaliza tatizo lililokwisha kugharimu taa tatu. Taa na ipumue, lakini isinywe maji.

Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika