Faili Dogo, Ngoma Nzima: Namna ya Kupanga Maktaba ya MIDI

Jina lake linasomeka hivi: 1_funk-groove1_138_beat_4-4.mid. Kwa asiyezoea ni msururu tu wa herufi na tarakimu. Prodyuza wa muziki akiliona, anajua karibu kila anachohitaji kabla hajalifungua: mtindo ni funk, kasi ni mapigo 138 kwa dakika, ni mdundo wa kuendesha wimbo na si mapigo ya kuvusha kutoka ubeti kwenda kiitikio, na mizani yake ni nne kwa nne. Faili hilo ni moja kati ya mafaili 1,150 yaliyomo katika mkusanyiko uitwao Groove MIDI Dataset, uliotolewa mwaka 2019 na Magenta, kikundi cha watafiti wa Google. Wapiga ngoma 10 walirekodiwa wakipiga ngoma za umeme za Roland TD-11, na kazi yao yote inafikia saa 13.6. Yeyote mwenye intaneti anaweza kuupakua bure.

Studio nyingi zina mafaili mengi kuliko hayo. Zisichokuwa nacho ni majina ya namna hiyo.

Faili la MIDI halina sauti yoyote ndani yake. Linaandika tu noti ipi imepigwa, imepigwa lini, na kwa nguvu gani katika kipimo cha 1 hadi 127. Sauti zinatoka kwenye programu ya ngoma: EZdrummer na Superior Drummer za kampuni ya Toontrack, au Addictive Drums ya XLN Audio, zote za Sweden. Programu hizo zimebeba sauti za ngoma halisi zilizorekodiwa studio, pigo kwa pigo. Faili huiambia programu ipige nini na wakati gani, basi. Ndiyo maana mdundo mfupi hauchukui zaidi ya kilobaiti chache, na flashi moja inaweza kubeba makumi ya maelfu ya midundo.

Wepesi huo ndio unaozaa vurugu. Mafaili hununuliwa kwa vifurushi, hupewa na marafiki, hupakuliwa usiku na kusahaulika asubuhi. Baada ya muda kompyuta inajaa "Beat 1", "Beat 1 mpya" na "Groove final 2". Mwimbaji amesimama mbele ya maiki, wimbo umemjaa kichwani, na prodyuza bado anafungua faili moja baada ya jingine akitafuta mdundo aliousikia wiki iliyopita.

Jambo la kwanza la kupanga, kabla ya mtindo na kasi, ni ramani ya noti, yaani noti ipi inapiga ngoma ipi. Mwanzoni mwa mwaka 1983, kwenye maonyesho ya vyombo vya muziki ya NAMM huko California, kinanda cha Prophet-600 cha kampuni ya Dave Smith kiliunganishwa na Jupiter-6 ya Roland, kampuni ya Ikutaro Kakehashi, na vyombo hivyo vya washindani wawili vikaelewana. Huo ndio ulikuwa mwanzo wa MIDI hadharani. Lakini kuelewana kuhusu noti hakukuwa kuelewana kuhusu ngoma. Hadi mwaka 1991, ulipotoka utaratibu wa General MIDI, kila kampuni iliweza kuamua yenyewe noti gani ipige ngoma gani. General MIDI iliweka chaneli ya 10 kuwa ya ngoma na kugawa namba: 36 ni kiki, yaani ngoma kubwa ya mguu, 38 ni sneya, 42 ni haihati iliyofungwa, 46 ni haihati iliyo wazi, 49 ni toazi la mshindo. Namba zote za ngoma zinaanzia 35 na kuishia 81.

Vyombo vya leo vina mambo mengi kuliko namba hizo. Ile TD-11 hutofautisha haihati iliyopigwa juu na iliyopigwa ukingoni. Ukingo wa haihati iliyofungwa hutoa noti 22, na wa iliyo wazi hutoa 26. Zote mbili ziko nje ya General MIDI. Mtu akiliweka faili lililorekodiwa kwa TD-11 kwenye programu inayofuata General MIDI peke yake, kiki inalia, sneya inalia, lakini haihati inakatika kila mpigaji alipogusa ukingo. Wengi hulaumu mdundo na kulifuta faili, ilhali mdundo ni mzima. Kinachotakiwa ni kuielekeza programu itafsiri 22 kuwa haihati yake iliyofungwa. Programu kubwa za ngoma zina sehemu ya kufanyia kazi hiyo, mara nyingi zikiwa na ramani za vyombo vya Roland zilizokwisha kutengenezwa.

Kwa hiyo folda za juu kabisa zigawanywe kwa ramani: moja ya General MIDI, moja ya Roland, moja ya Toontrack, na kadhalika. Ndani ya kila moja kuwe na faili fupi la maandishi linaloeleza namba ipi ni ngoma ipi. Ziandikwe namba, si herufi za muziki, kwa sababu noti 36 huitwa C1 kwa hesabu ya Yamaha na C2 kwa hesabu ya Roland.

Baada ya ramani ifuate mizani, kisha mtindo, na kasi ikae kwenye jina la faili. Mpangilio huu una sababu. Kasi ya MIDI hubadilika bila kuharibu chochote: mdundo wa 138 ukishushwa hadi 120, ngoma hubaki safi kwa kuwa hakuna sauti inayovutwa. Mizani haibadiliki hivyo. Mdundo wa nne kwa nne haugeuki kuwa sita kwa nane kwa kubonyeza kitufe. Kisichobadilika kiwe folda, kinachobadilika kiwe jina.

Kwenye jina lenyewe kuna mambo madogo yanayookoa muda. Kasi iandikwe kwa tarakimu tatu, 092 badala ya 92, kwa sababu programu nyingi hupanga majina tarakimu kwa tarakimu, na 100 ikatangulia mbele ya 92. Mizani iandikwe 4-4, kwa kuwa Windows haikubali mkwaju kwenye jina la faili. Mdundo na mapigo ya kuvusha vitenganishwe kwa neno moja tu, lile lile kila mahali.

Kasi inayosomeka ndani ya faili nayo ikaguliwe. Kama aliyelitengeneza hakuandika kasi, programu hulichukulia kuwa 120. Folda ambayo kila faili lake linasoma 120 inatia shaka, na dawa yake ni kusikiliza.

Sehemu inayohitaji uangalifu kuliko zote ni mafaili ya asili. Faili lililorekodiwa kwa vipande 480 katika kila pigo, kwa kasi ya 120, linashika tofauti za takriban sehemu moja ya elfu ya sekunde. Humo ndimo anamokaa mpiga ngoma mwenyewe: sneya inayochelewa kidogo, haihati inayokimbilia mbele, pigo la kiki lenye nguvu 97 likifuatwa na la 84. Prodyuza akiyanyoosha mapigo yote yakae sawasawa kwenye mistari na kuhifadhi juu ya faili lile lile, tofauti hizo zimekwenda moja kwa moja. Folda ya asili ifungwe isiandikwe, inakiliwe kwenye diski ya nje, na kila mabadiliko yahifadhiwe kwa jina jipya.

Programu zenyewe zinasaidia kutafuta. Tangu EZdrummer 2 ya mwaka 2014, Toontrack imeweka kifaa cha Tap2Find: mtu anagonga mdundo alio nao kichwani, na programu inamletea midundo inayofanana. Groove MIDI Dataset yenyewe ina jedwali moja linaloorodhesha kila faili na mpigaji wake, mtindo, kasi, mizani na urefu. Jedwali kama hilo linatengenezwa kwa Excel, na hubaki hata programu ya ngoma ikibadilishwa.

Kwa maprodyuza wa Afrika Mashariki kuna kazi moja zaidi. Mkusanyiko ule una rock, jazz, reggae, hata highlife na afrobeat za Afrika Magharibi. Chakacha haimo, mchiriku haumo. Anayeitaka midundo hiyo lazima airekodi mwenyewe kwa mpigaji anayeijua, na kuipa majina kamili: 01_chakacha_110_mdundo_6-8.mid. Hapo suala la ramani linarudi kwa uzito wake wote. General MIDI ina namba za bongo na konga, kuanzia 60 hadi 64, lakini haina namba ya msondo, chapuo wala vumi. Prodyuza atalazimika kuziazima namba hizo na kuandika kwenye faili la maandishi kwamba 64 ni msondo na 63 ni chapuo. Asipoandika, atakayefungua folda hiyo miaka mitano baadaye atasikia konga za Kuba zikipiga chakacha, na hatakuwa na njia ya kujua kwamba palikuwa na msondo.