Sanduku la Mikeka na Tope la Hanang

Alfajiri ya Jumapili tarehe 3 Desemba 2023, katika mfungo nane wa mwaka 1445, Mlima Hanang ulimeguka. Wataalamu wa serikali walieleza baadaye kwamba sehemu ya mlima yenye miamba laini ilinyonya maji ya mvua mpaka ikaporomoka, ikawa tope lililobeba mawe na magogo. Haikuwa volkano, kama wengine walivyokuwa wakinong'ona. Tope lile lilishuka mpaka mji wa Katesh, likapita Gendabi na Jorodom. Watu 89 walikufa, na maelfu wakapatwa na hasara. Rais Samia Suluhu Hassan, aliyekuwa Dubai kwenye mkutano wa tabianchi, alikatiza safari yake akarudi.

Sisi wa Nangwa twaishi chini ya mlima huo huo, na Katesh ndiko ziliko ofisi za wilaya yetu. Lakini hatukukusudia hapa kuwahesabu waliokufa. Twataka kueleza jambo lililotupata madrasani siku ya pili yake, kwa sababu tulikosea, na kosa lenyewe lilivaa kanzu ya dini.

Madrasani petu palikuwa na sanduku la bati lenye michango ya kununulia mikeka ya msikiti. Baada ya Adhuhuri wanafunzi wakubwa walitujia wakaomba fedha zile zinunue unga, sabuni na mablanketi ya watu waliolala katika madarasa ya shule. Tukawajibu kwamba mali iliyotolewa kwa jambo moja haigeuzwi kwa jambo jingine. Hiyo ni amana, na amana haichezewi. Tukafunga sanduku, tukafungua kitabu, tukaendelea na somo.

Hukumu tuliyoitoa ilikuwa sahihi, na hata leo hatuiachi. Kosa letu lilikuwa kutosheka nayo. Tuliona raha, twakiri, ya mtu aliyepata dalili ya kumruhusu akae kitako. Ndipo binti mmoja, umri wake haukuzidi miaka kumi na minne, akanyosha mkono akasema, "Samahani, Maalim. Wenye fedha si wapo? Kwa nini tusiende tukawaulize?"

Hatukuwa na jibu. Sisi tulikuwa mawakili tu wa watu wale, na wakili hana haki ya kugeuza nia ya aliyemtuma. Lakini mwenyewe, maadamu mali yake haijatumika, aweza kuigeuza kwa neno moja. Daftari la majina lilikuwapo. Watoto wakagawana njia, wakapiga hodi nyumba kwa nyumba, na kabla ya Isha walikuwa wamerudi. Wengi walikubali. Bwana mmoja alikataa, akasema yeye alitoa kwa mikeka tu. Fungu lake likabaki sandukuni wala hatukumlaumu. Kadhalika fungu la mama mmoja aliyekwisha kufariki, kwa kuwa hapakuwa na wa kumuuliza.

Likaja swali la pili, nalo lilitoka kwa mzee mmoja wa msikitini: waliopatwa wengi si Waislamu, basi je, chakula chetu kiwafikie? Kwa zaka, madhehebu yetu ya Imamu Shafii yana mpaka wake: zaka ina mafungu manane yaliyotajwa katika Sura ya Tawba, na maskini wanaopewa ni wa Kiislamu. Lakini fedha za sanduku hazikuwa zaka. Zilikuwa sadaka, na sadaka haimuulizi mwenye njaa dini yake. Bibi Asmaa binti Abubakari (r.a.) alimuuliza Mtume (s.a.w.) juu ya mama yake aliyekuwa bado mshirikina, naye akaamrishwa aunge udugu naye. Hapa kwetu Mwiraqw, Mbarabaig na Mrangi huchota maji kisima kimoja. Lingekuwa jambo la aibu kugawa mablanketi kwa kuulizana shahada mlangoni.

Ajabu ni kwamba wanaodhani sheria ni ngumu mno wakati wa msiba, mara nyingi hawajaisoma mpaka mwisho. Mwaka 18 Hijria, katika ukame ulioitwa Mwaka wa Majivu, Sayyidna Umar (r.a.) aliagiza chakula kutoka Sham, akachelewesha kukusanya zaka za wanyama. Hakuifuta zaka, aliichelewesha, ikaja kudaiwa hali ilipotengenea. Sheikh Izzuddin bin Abdissalaam, mwanachuoni mkubwa wa Kishafii, aliandika kwamba kumwokoa anayezama hutangulizwa mbele ya Sala, kwa kuwa Sala yaweza kulipwa na roho iliyopotea hailipwi. Na aliyefunga, ikiwa hawezi kuokoa ila kwa kufungua, na afungue. Tope la Hanang lilishuka saa za Sala ya Alfajiri. Vijana na walijue hilo kabla ya siku yenyewe, maana siku yenyewe hapana nafasi ya kufungua kitabu.

Hata maiti wana hukumu yao. Aliyekufa kwa kuzama au kuangukiwa na jengo ana daraja ya shahidi huko Akhera, lakini huku duniani huoshwa na kusaliwa. Mwili ukiwa umeharibika hata maji yatauvunja, hutayamamishwa. Na maiti wa Kiislamu wakichanganyika na wengine wasitambulikane, mafakihi wetu wamesema waoshwe wote, wasaliwe wote, na nia iwe kwa Waislamu. Tulipowasomea wanafunzi mas'ala haya mmoja alidhani tunatania. Tukamwonyesha ukurasa.

Mizigo ilikwenda Katesh siku ya Jumatano, nasi tukaifuata. Katika darasa moja tulimkuta bibi mzee aliyekaa juu ya sakafu tupu. Alipokea blanketi, akauliza tumetoka wapi. Tukamwambia Nangwa, msikitini. Akalikunja mara nne, akalikalia.

Mikeka tuliinunua mwezi wa Shaabani: miwili, badala ya sita. Safu za nyuma zilisali juu ya magunia Ramadhani nzima.