PIKAPU KUUKUU YA KIKUNDI: ITUNZE NAYO IKUTUNZE



Katika vikundi vingi ninavyotembelea huku Naitiri, mali kubwa kuliko zote ni pikapu moja kuukuu. Ndiyo inayobeba mahindi, ndiyo inayoleta mbolea, na usiku ndiyo inayomkimbiza mama mja mzito hospitalini Kitale. Siku ikilala, kijiji kizima kinajua.

Kikundi kimoja cha akina mama kilipoteza injini wakati wa mavuno. Mpira wa radieta ulipasuka njiani, gari likachemsha, na dereva akasema, "Tufike tu, si mbali." Kilomita tatu zilitosha. Mpira ni wa pesa kidogo, lakini injini nyingine ilimeza akiba yao ya mwaka mzima, pamoja na karo waliyotarajia. Nilikaa nao siku ile na sikuwa na la kuwaambia. Ndiyo sababu naandika haya.

Gari lililotembea kilomita 300,000 au zaidi bado linaweza kufanya kazi. Mara nyingi linalomalizwa ni lile lililopuuzwa. Basi tuangalie mambo haya:

1. Oili. Kila asubuhi kabla ya kuwasha, gari likiwa mahali tambarare, chomoa kijiti, kipanguze, upime. Injini iliyozeeka hula oili, kwa hivyo usingoje siku ya kubadilisha. Kwa vumbi letu na mizigo yetu, badilisha oili na filta yake kila kilomita 5,000. Oili ya dizeli kuwa nyeusi si ugonjwa. Lakini ukiona imekuwa kama chai ya maziwa, maji yameingia: usiwashe, ita makanika.

2. Maji. Pima radieta ikiwa baridi. Kufungua kifuniko gari likiwa moto ni kujichoma uso. Maji ya mtoni huleta kutu na uchafu ndani. Tumia dawa ya radieta iliyochanganywa na maji safi. Mshale wa joto ukipanda, simama hapo hapo na uzime. Tena jihadhari: maji yakiisha kabisa, mshale unaweza hata kurudi chini, kwa kuwa hauna maji ya kupima.

3. Vumbi na dizeli. Wakati wa kiangazi fungua filta ya hewa kila wiki. Moshi mweusi mara nyingi ni dalili kwamba injini inakosa hewa, au nozeli zimechoka. Dizeli ya mtungi mara nyingi ina maji na takataka. Ichuje, na umwage maji yanayokaa chini ya filta ya dizeli.

4. Mkanda wa taiming. Hilux nyingi za zamani za dizeli, zenye injini ya 2L au 3L, zina mkanda huu. Hubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika, valvu hugongana na pistoni na injini imekwisha. Kama mlinunua gari mkononi na hamjui ulibadilishwa lini, badilisheni sasa.

5. Mzigo. Hapa ndipo tunapojidanganya. Pikapu ya tani moja hubeba kilo 1,000. Gunia la mahindi ni kilo 90, kwa hivyo magunia 11 yamejaza kipimo. Tukipakia 20, hizo ni kilo 1,800! Springi zinavunjika, beringi zinakufa, klachi inaungua kwenye matope, na breki hazishiki. Ile faida ya safari moja mnaipeleka gereji. Na dereva akikataa kuongeza gunia, msimwite mvivu.

6. Breki. Mafuta ya breki hunyonya unyevu. Badilisha kila miaka miwili. Pedali ikizama, gari lisitoke nyumbani, hata kama soko ni leo. Watu hukaa juu ya magunia yale.

7. Daftari na mfuko. Nunueni daftari la shule. Kila safari iandikwe: tarehe, kilomita, mafuta, mzigo, na spea iliyowekwa. Kama kipima kilomita kimekufa, kitengenezeni, au mhesabu safari. Kisha, kabla ya kugawana mapato, toeni fungu la gari kwanza na mliweke kando. Mkigawana yote, gari litadai lenyewe, na huwa linadai siku mbaya.

Daftari hilo pia litawaambia ukweli mwingine. Ikiwa kwa mwaka mzima matengenezo yamezidi mapato, uzeni gari likiwa bado linatembea. Hakuna aibu hapo.

Katika mkutano wenu ujao, chagueni mtu mmoja wa kukagua gari kila asubuhi, na mwandike jina lake. Kazi ya wote huwa si kazi ya mtu. Usipoziba ufa utajenga ukuta.