Mkila Singapore, Msitoboke Mfuko

WAZAZI wanaopeleka watoto likizoni ng'ambo huhesabu nauli na hoteli, wakasahau tumbo. Kumbe nalo hudai chake mara tatu kwa siku!

Chukua mfano wa Singapore. Katika mikahawa mingi ya huko, alama "++" kando ya bei ina maana kwamba utaongezewa asilimia 10 ya huduma, kisha asilimia 9 ya kodi juu ya jumla hiyo. Mlo wa dola 100 za Singapore huishia kuwa dola 119.90.

Je, wenyeji hula wapi? Wengi huenda kwenye majumba ya vibanda vya vyakula yaitwayo hawker centre, ambayo utamaduni wake ulitambuliwa na UNESCO mwaka 2020. Baba ataagiza wali kwa kuku, mama tambi, watoto chapati za prata kwa mchuzi, nao wote waketi meza moja. Sahani nyingi hazifiki dola 10. Waislamu watafute kibanda chenye cheti cha halali.

Mkikuta pakiti ya tishu mezani, meza hiyo ina wenyewe. Mkishiba, rudisheni sinia. Kuiacha ni kosa.

Basi someni bei kabla ya kuketi. Kuuliza si ujinga.