Mbabula ibaki nje, hata kwenye baridi

Mwezi wa sita na wa saba, usiku wa Lubumbashi huwa na baridi kali. Mji uko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na nyumba nyingi hazina cha kuzipasha joto. Basi mbabula, yaani jiko la makaa (makala), huingizwa chumbani, madirisha yakafungwa, na matundu ya hewa yakazibwa kwa matambara ili baridi na vumbi visipite.

Wengi husubiri makala yawe mekundu na moshi uishe, wakiamini hatari imekwisha. Haijaisha. Makala yaliyokolea hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu. Hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, hivyo mtu hupumua kama kawaida huku moyo na ubongo vikikosa oksijeni. Kichwa huuma, kizunguzungu hufuata, kisha kichefuchefu; aliyelala huenda asiamke kabisa. Ukimkuta mtu hivyo, mtoe nje upesi, kisha mpeleke hospitali hata akisema amepata nafuu.

Wanaoziba matundu kwa kuhofia vumbi wana sababu. Shaba ilianza kuyeyushwa mjini hapa mwaka 1911. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, akiwamo Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu, walipima mkojo wa wakazi wa Katanga. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kwamba wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya kuyeyushia madini wana kobalti nyingi mwilini kuliko wanaoishi mbali. Mtoto anayetambaa hushika vumbi la sakafuni lenye madini hayo, kisha hutia vidole mdomoni.

Lakini tundu likizibwa, gesi haina pa kutokea. Afadhali kutandaza wavu laini juu yake na kuuosha mara kwa mara wakati wa kiangazi, maana wavu uliojaa vumbi nao huzuia hewa. Sakafu ipigwe deki; ufagio mkavu hurusha vumbi jembamba likaelea hewani kwa saa nyingi, tena hilo ndilo linalofika ndani kabisa ya mapafu. Viatu viachwe mlangoni, hasa vya anayetoka mgodini. Mwenye kiyoyozi aoshe chujio lake, na ajue kwamba vingi huzungusha hewa ileile ya chumbani, haviingizi mpya.

Kupika kufanyike barazani. Wakati wa kulala, ongezeni blanketi, msiingize mbabula. Makala yaliyofunikwa na majivu bado yanatoa gesi.